Mkalimani wa Rugemalira

Mwaka 1953 mpwa wangu Gosbert alitaka kuhama chuo. Habari hii watu wa Kituntu wanaisimulia kwa kujivunia, wanaweka na vigelegele, na mimi kila nikiisikia nainuka naondoka. Ndiyo maana naiandika mwenyewe.

Mimi ni Rwezaura. Shule nimeisoma vipande vipande: miezi minne kwa mapadri kule Bukoba, msimu mmoja kwa mwinjilisti wa Kilutheri, na gazeti nilifundishwa kulisoma na mpishi wa mgodi wa bati kule Kyerwa. Nimelima pamba Buganda, nimechunga ng'ombe wa watu, nimebeba mizigo ya Wazungu wawili waliokuwa hawasemeshani njia nzima. Nikikaa mahali pamoja miezi sita miguu inaanza kuniwasha. Lugha nazisema sita, na hakuna hata moja iliyowahi kunipa cheti.

Gosbert ni mtoto wa dada yangu Xaveria. Huyo dada alikuja Karagwe na mumewe kutoka Bukoba kufungua duka hapo Kituntu, mume akafa, yeye akabaki na duka na huyo mtoto mmoja. Mtoto alisoma. Akafika chuo cha walimu, akamaliza mwaka wa kwanza, na likizo ile alirudi nyumbani na gazeti limekunjwa mfukoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona unatetemeka kama umeokota bomu?"

"Chuo kikuu cha ng'ambo, mjomba, kule Uganda. Wamefungua masomo ya lugha za Kiafrika. Hakuna kwingine yanakofundishwa hivyo. Wanapokea na waliokwisha kuanza vyuo vingine, unahamia tu."

"Basi hamia."

"Wanachukua wanne. Nchi zote tatu, watu wanne."

Dada yangu alikuwa anapima chumvi. Akaacha. "Kaka," akaniambia, "mtoto huyu akikosa nafasi hiyo atafundisha a, e, i, o, u mpaka meno yamtoke. Msaidie."

Vitu vilivyotakiwa vilikuwa vitatu. Alama za mitihani, hizo alikuwa nazo nzuri. Barua ya baraza la wenyeji, yenye mhuri, kwamba ni mtu mwenye tabia njema na baraza linakubali asomeshwe. Na daftari la maneno mia tatu ya usemi ambao haujaandikwa na mtu, pamoja na jina la mzee aliyeyasema.

"Si uandike Kihaya chako?" nikamwambia.

"Kihaya mapadri wamekwisha kukikausha, mjomba. Nataka maneno ya wafugaji. Yale wanayosema wakiwa na ng'ombe tu. Wewe si uliishi nao?"

Nilikuwa nimeishi nao. Nilichunga miaka mitatu kwa Rugemalira, ambaye boma lake lilikuwa juu ya bonde la Rugera. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Walutheri walimbatiza na jina la ubatizo akalisahau. Alikuwa akisema limeandikwa huko kanisani, akilihitaji atakwenda kuliuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi. Lakini akianza kumsifu ng'ombe wake kwa Kinyambo, lugha ya Karagwe, unaacha unachofanya.

Nikampeleka Gosbert kwake, upande wa Kyerwa, alikokuwa amehamia na ng'ombe mwaka ule. Rugemalira akatukaribisha maziwa, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Maneno ya ng'ombe hapewi mpita njia," akasema. "Baba yangu alimpa mgeni mmoja, msimu ule ng'ombe wetu sita walikauka."

"Na akiwa si mgeni?" Gosbert akauliza, kwa Kinyambo chake chenye Kihaya ndani.

"Basi awe nani?"

"Ndugu. Tuchanjiane."

Rugemalira akanitazama mimi. Nami, nisifiche, nilifurahi. Nilijiona nina mpwa mwenye moyo. Tulipotoka nje nikamtania, "Na padri wako atasema nini?"

"Padri hatapata nafasi ya kusema, mjomba," akacheka.

Huku kwetu kuchanjiana tunakuita omukago. Mimi ndiye niliyeshika wembe. Asubuhi, jua likiwa bado laini, wakakaa juu ya nyasi mpya wakielekeana. Nikamchanja kila mmoja kidogo karibu na kitovu. Nikapasua tunda la kahawa, lile lenye mbegu mbili zilizolala pamoja, kila mmoja akachukua yake, akaipaka damu yake, akaiweka kiganjani, na mwenzake akainama kuichukua kwa midomo. Huku nyuma nawasemea masharti kama nilivyosemewa mimi zamani: akija usiku mfungulie, akiwa na njaa mpe, akishitakiwa simama naye, ukimgeuka mbegu hii itaota tumboni mwako. Rugemalira alimeza akafumba macho. Gosbert naye akainua kidevu, koo likapanda na kushuka.

"Sasa uliza," Rugemalira akasema.

Akauliza wiki tatu. Siwezi kumnyima haki yake: alikuwa na sikio. Kutwa yuko malishoni na daftari, anaandika jina la ng'ombe mwenye rangi hii na pembe zile, jina la kilio cha ng'ombe aliyefiwa na ndama na kilio cha yule aliyepotezana naye tu, jina la maziwa ya asubuhi ya kwanza baada ya mvua. Jioni Rugemalira anamsahihisha kwa subira ambayo mimi mchungaji wake hakunipa hata siku moja. Akawa hamwiti tena Gosbert. Alimwita "wa tumboni mwangu." Maneno yakafika mia tatu, yakapita, yakafika mia tatu na arobaini.

Ikabaki barua.

Karani wa baraza alikuwa Melkiory, mtu wa Muleba, mnene wa shingo, nadhifu, anayenyoosha karatasi mezani kwa kiganja hata kama imenyooka. Tulimkuta ofisini, mimi na Gosbert. Barua ilikuwa pale mezani imekwisha kupigwa chapa, na sahihi chini yake. Juu yake alikuwa ameweka kidau cha wino.

"Kijana wetu!" akasema. "Barua yako hii. Nimeipiga chapa kwa mkono wangu. Imebaki mhuri tu."

"Nashukuru sana, bwana karani. Basi..."

"Mhuri una siku yake." Akanyoosha karatasi nyingine. "Alhamisi Bwana Shauri anakuja kusikiliza shauri la bonde la Rugera. Mimi nimeomba nipande kahawa pale, mahali penyewe pamekaa pori. Kuna mzee mmoja wa ng'ombe anapinga. Sasa mkalimani wa baraza ni mimi, na mimi ndiye mdai, haiwezekani. Nimemtajia Bwana Shauri jina lako. Amefurahi. Mtu wa chuo."

Gosbert akauliza polepole, "Huyo mzee ni Rugemalira?"

"Ndiyo huyo. Mnafahamiana, nasikia. Vizuri, hatakuwa na wasiwasi." Akatabasamu. "Sikuombi useme uongo, kijana. Mimi ni Mkristo kama wewe. Nakuomba useme kwa kifupi. Wazee hawa wanarefusha mno, na Bwana Shauri ana haraka."

Lile tabasamu lilikuwa na mafuta. Mpaka leo nikikuta ukoko wa mafuta juu ya mchuzi uliopoa, namwona Melkiory.

Ili mwelewe, lazima niseme bonde lile lilikuwa nini. Katikati yake palikuwa na chemchemi, na kando ya chemchemi birika la udongo la kunyweshea ng'ombe, tunaliita kibumbiro. Baba yake Rugemalira ndiye aliyelifinyanga. Kila kiangazi Rugemalira mwenyewe alikuwa anaingia magotini na kulifinyanga upya, na kwa wafugaji hiyo ndiyo hati: anayefinyanga birika ndiye mwenye maji. Mwaka ule hakuwa amelifinyanga kwa sababu wenye dawa ya mifugo walikuwa wameweka karantini, na yeye alikuwa ameamriwa kuhamishia ng'ombe wake upande wa Kyerwa mpaka mvua za vuli. Mtu wa kilimo akipita anaona birika limepasuka, majani yameota, anasema pori.

Njiani kurudi Gosbert alinitangulia mpaka tulipofika migombani kwa dada. Ndipo akasimama.

"Mjomba, tarehe ya mwisho ni mwezi huu. Baraza halikai tena mpaka Julai."

"Najua."

"Rugemalira ana Kyerwa nzima ya kuchungia."

Nikamwambia, "Utajua mwenyewe." Hayo ndiyo maneno yangu yote, mimi mtu mzima, niliyeshika wembe. Utajua mwenyewe. Nikaingia ndani nikala matoke.

Alhamisi ikafika. Ukumbi wa baraza ulijaa, wengine wamekaa madirishani. Bwana Shauri, Mzungu wa serikali, alikuwa kijana mwekundu, Kiswahili chake kizuri kabisa ila Kinyambo hajui hata salamu. Melkiory akasimama upande mmoja na kofia yake. Rugemalira akaingia, amejifunga shuka safi, akamwona Gosbert amekaa kwenye kiti cha mkalimani karibu na meza. Uso ukamfunguka kama mtu aliyeona moto wakati wa baridi.

"Ninyi," akawaambia waliokuwa karibu naye, "leo sina shida. Anayenisemea ni wa tumboni mwangu."

Bwana Shauri akamwambia aeleze. Akaeleza. Sauti yake ndogo, lakini watu walinyamaza, akasikika. "Kibumbiro kile baba yangu alikifinyanga mwaka wa tauni ya ng'ombe. Alipokufa nikakifinyanga mimi, kila kiangazi, miaka ishirini na saba. Mwaka huu sikukifinyanga kwa sababu serikali yenyewe iliniambia nihame, ugonjwa upite. Nimehama kwa amri. Sikuacha maji yangu. Mvua ikinyesha nitarudi, na udongo wa kufinyangia nimekwisha kuuchagua."

Kisha akamtazama Gosbert, kama mtu anayempa mwenzake kamba ashike.

Gosbert akasimama. Kiswahili chake kilikuwa safi, cha darasani. "Anasema baba yake alikuwa akinywesha pale zamani. Yeye mwaka huu hakutengeneza kitu, amehamia Kyerwa."

Bwana Shauri akaandika. "Basi? Alisema maneno mengi."

"Mengine ni kumsifu baba yake, bwana."

Mle ndani tulikuwa watu hamsini, na hesabu yangu ni kwamba arobaini walijua Kinyambo na Kiswahili vyote viwili. Mzee mmoja wa baraza, Methodius, mtu wa kanisa sana, akaanza kutazama dari kana kwamba kuna mchwa. Mwingine akakohoa akapata kitu cha kufanya na leso yake. Melkiory aliitazama kofia yake.

Bwana Shauri akasema, "Muulize. Anakubali bonde hilo apewe karani alime, maadamu yeye amehama?"

Gosbert akamgeukia Rugemalira. Akamwambia kwa Kinyambo, taratibu, kwa heshima: "Bwana anauliza, mvua zikianza, utarudi nyumbani?"

"Eee, nitarudi! Mwambie ndiyo. Kwa nini nisirudi?"

"Anasema ndiyo, bwana. Anakubali."

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Nimewahi kumkemea Mzungu mwenye bunduki kule njia ya Ankole kwa sababu alimpiga teke mpagazi, na sikufa. Lakini nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa ofisi, mahali ninapoiona ile barua mezani kwa Melkiory, chini ya kidau cha wino, na mahali pa mhuri peupe. Nikamwona dada yangu dirishani, amekunja vidole vyake mdomoni. Nikaufunga mdomo.

Wakamwita Rugemalira atie dole gumba. Akalitia kwenye wino kwa furaha, akaligandamiza kwenye karatasi, akaliinua kuwaonyesha watu. Alidhani ametia ahadi ya kurudi. Alipokuwa anatoka alimshika Gosbert mkono kwa mikono miwili, wino ule ukampaka Gosbert kiganjani. Nilimwona mpwa wangu anaufuta kwenye suruali, anafuta, anafuta.

Watu walipopungua Melkiory akaingia ofisini, akainua kidau, akahema kwenye mhuri, akaugonga. Sauti yake ilikuwa kama mtu anayeua mende kwa kiatu.

Rugemalira alirudi Kyerwa kwa ng'ombe wake kesho yake. Hakuna aliyemwambia. Miezi miwili nilizunguka Kituntu nikingoja mmoja kati ya wale arobaini amwambie, niokoke mimi. Watu walikuwa wananiuliza habari za chuo tu. "Amepata?" "Bado." "Atapata, ana kichwa huyo." Hata wale waliokuwamo ukumbini, hasa wao.

Akapata. Barua ilikuja mwanzo wa Agosti: Gosbert ni mmoja wa wanne, serikali itamlipia, ahamie mwaka huu huu. Waliandika kwamba daftari lake la maneno ya wafugaji ndilo lililowafurahisha kuliko yote. Dada yangu aliisoma barua ile mlangoni mwa duka, akalia, kisha akaanza kupiga vigelegele huku analia. Akaita watu. Rubisi la ndizi likasindikwa, mbuzi akaanguka.

Siku ya kumuaga, lori lilikuwa lipite saa nane. Watu wamekaa uani, Melkiory yuko kwenye kiti chenye mto, anasema hotuba kwamba baraza limefungua mlango na vijana waingie. Mimi nilikuwa na kata ya rubisi mkononi, sijainywa. Ndipo akaingia Rugemalira. Ametembea siku mbili kutoka Kyerwa. Mgongoni amebeba chungu cha samli kimefungwa kwa majani ya mgomba.

"Nimesikia wa tumboni mwangu anasafiri," akasema, huku anakitua. "Huko aendako hawajui kuipika hii. Nami nimepata habari njema, karantini wanaiondoa. Wiki ijayo nafinyanga."

Gosbert akapokea chungu kile. Akapokea! Kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akashukuru kwa Kinyambo kizuri kuliko alichokuja nacho, Kinyambo alichofundishwa na huyo huyo.

Nikaweka kata chini. "Rugemalira," nikamwambia, "hutafinyanga."

"Kwa nini?"

Nikamwambia. Sikumwambia kwa kifupi. Nilimwambia alichosema yeye ukumbini, kisha alichokisema Gosbert kwa Kiswahili, kisha alichouliza Bwana Shauri, kisha alichoulizwa yeye, neno kwa neno, na dole gumba liliwekwa chini ya nini.

"Mjomba!" Gosbert akasema. "Umelewa."

"Sijaonja."

"Huyu mzee wa barabarani," Melkiory akawaambia wageni, "nani asiyemjua? Miguu yake haina kwao, na ulimi ni hivyo hivyo."

Rugemalira hakumtazama Melkiory. Alimkaribia Gosbert. "Sema wewe. Ni kweli?"

Gosbert akatazama pembeni. Halafu akafanya kitu ambacho sikukitegemea, akajitetea. "Lile shauri lilikuwa la serikali," akasema. "Mimi nilikuwa mkalimani, si ndugu."

"Umenimeza," Rugemalira akasema. "Nimekumeza. Tukiwa popote ni ndugu."

"Sikumeza."

"Nini?"

"Ile mbegu sikuimeza. Niliiweka chini ya ulimi, nikaitema migombani. Mimi ni Mkristo, siwezi kunywa damu ya mtu." Alilisema kwa sauti ya mtu anayetoa cheti chake. Alidhani limemsafisha.

Mkono wa Rugemalira ulishuka ukakaa tumboni, juu kidogo ya kitovu.

"Mimi niliimeza," akasema. Kisha akaniuliza mimi, si yeye, "Rwezaura, sasa humu ndani niko na nani?"

Wazee wawili waliinuka wakaondoka bila kuaga. Wengine walibaki, maana mbuzi alikuwa hajaiva.

Dada yangu akaja akasimama mbele yangu, karibu sana, pua kwa pua. "Siku ile ulikuwa na mdomo," akasema polepole. "Ulikuwa nao, kaka, nilikuona. Ungesema siku ile nikakuchukia, au ungenyamaza mpaka kaburini nikakuheshimu. Umengoja mtoto apate kwanza ndipo uje umvue nguo mbele za watu. Wewe na yeye nani mchafu?" Mpaka leo hatujasemeshana tena. Alikuwa na haki, na hilo linanichukiza kuliko mengine.

Lori likaja. Gosbert akapanda na sanduku lake. Alipokwisha kukaa akainama akamwita mama yake, "Mama, ile samli. Ifunge vizuri isije ikamwagika." Mama akamfungia, akampa. Wakaenda nayo.

Mimi na Rugemalira tukashika njia ya Ndama, ambako Bwana Shauri alikuwa amepiga kambi. Niseme mapema ili msingoje: bonde halikurudi. Pale leo ni kahawa ya Melkiory, imezaa vizuri sana. Na Gosbert hakurudishwa. Alikaa chuoni miaka yake yote akatoka na shahada, na daftari lile nasikia limechapwa, jina la Rugemalira lipo ukurasa wa mwisho kwa herufi ndogo.

Lakini tulikwenda. Bwana Shauri alikuwa anakula, akaacha kula akatusikiliza, hilo nampa. Safari hii mkalimani ni mimi. Rugemalira akasema, nikatafsiri, akasema, nikatafsiri, mpaka kwenye kibumbiro, mpaka kwenye dole gumba. Bwana Shauri akawa mwekundu zaidi. Akatoa faili, akalisoma, akalifunga.

"Wewe," akaniambia, "siku ile ulikuwapo ukumbini?"

"Nilikuwapo, bwana."

"Na ulisikia mkalimani anageuza maneno?"

"Nilisikia."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Sasa nina karatasi yenye dole la huyu, na mkalimani msomi aliyependekezwa na baraza, na watu hamsini waliokaa kimya. Upande wa pili nina wewe. Kwa nini nikuamini leo? Kwa nini hukusema siku ile?"

Nikamwambia kwamba barua ya mpwa wangu ilikuwa mezani, haijapigwa mhuri, nami nilitaka ipigwe.

Akanitazama kama ninavyokitazama kidonda chenye funza. Akavuta sahani yake karibu.

Rugemalira akanigusa bega. Alikuwa ameona midomo yetu inakwenda bila yeye. "Amekuuliza nini?" akasema. "Nawe umemjibu nini?"

Ningeweza kumwambia chochote. Kinyambo pale tulikijua sisi wawili tu. Nikamgeukia nikamtafsiria, swali lote na jibu langu lote, taratibu, na alipoomba nirudie jibu nikarudia.